Chupa ya Ines na Mkasi wa Mtani

Siku zile nyumba ya Zeferino, mtaa wa Magomeni mjini Mtwara, ilikuwa na harufu mbili. Asubuhi ilinuka oili, kwa sababu Zeferino alikuwa fundi wa majokofu na vyuma vyake vilishinda kibarazani. Alasiri ilinuka poda. Telma, binti yake wa darasa la sita, akirudi shuleni alivua sare, akala, akafagia uwanja, kisha akatandika mkeka pale pale kibarazani.

"Dada Ines, niko tayari! Leta brashi nizioshe."

Dada yake alitoka ndani na sanduku. Lilikuwa sanduku la chuma la kuwekea spana, ambalo baba yao alimpa baada ya kununua jingine. Ines alilisugua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, akalianika juani, akalipaka rangi ya waridi. Hata hivyo, ukilifungua bado ulisikia oili kwa mbali. Ndani lilikuwa na trei mbili zinazopanda kama ngazi. Halikumgharimu chochote zaidi ya ile rangi.

Ines alikuwa na miaka ishirini. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, akakaa mwaka mzima katika saluni ya watu akifagia nywele na kutazama jinsi maharusi wanavyopambwa. Sasa alitaka kuwa mpambaji anayejitegemea. Jicho la rangi alikuwa nalo, na mkono wake haukutetemeka. Fedha ndizo hakuwa nazo, kwa hiyo vifaa alivinunua kimoja kimoja, na kila kimoja alikifikiria kwanza.

"Mbona brashi hii ni ya kuchorea picha?" Telma aliuliza siku moja.

"Nimeinunua kwenye duka la madaftari. Nimeijaribu mkononi, ni laini, haichomi. Kwa kupaka rangi ya mdomo inatosha. Lakini hii kubwa ya poda nimenunua ya kweli, maana zile za bei rahisi zinapukutika manyoya usoni mwa mtu. Utamwona bibi harusi ana ndevu."

Telma alicheka. Ines alikuwa na akili ya namna hiyo. Sponji moja aliikata vipande vidogo ili kila mteja apate chake, kisha kitupwe. Rangi za mdomo alikuwa nazo tatu tu, lakini alizichanganya juu ya kifuniko cha bati akapata rangi ambazo hazikuwa na majina. Wanja hakuuingiza jichoni mwa mtu kabla ya kuuchonga upya na kuufuta kwa spiriti. Alisoma tarehe chini ya kila kopo kabla hata ya kuuliza bei. Na zile krimu za kuchubua ngozi, ambazo wauzaji walimsukumia kila alipopita sokoni, alizikataa kabisa. "Mimi ninapamba," aliwaambia. "Sichuni watu."

Mama yao, akichambua mchele pembeni, aliwasikiliza na kutabasamu.

"Sisi kule Mahurunga saluni yetu ilikuwa jiwe na kijiti," alisema. "Shangazi zenu wanasugua kijiti cha mti wa msiro kwenye jiwe kwa maji, unatoka uji mweupe, tunapakana uso mzima. Unakwenda nao mpaka shambani. Jioni ukiuosha, ngozi laini kama ya kichanga. Na kucheka sasa! Tulicheka mpaka uji ukapasuka mashavuni."

"Mama, siku hizi ukimpaka bibi harusi msiro ukumbini, watu watakimbia."

"Wakimbie tu. Chakula kikiiva watarudi."

Alasiri zilikuwa hivyo. Hakuna aliyesema kwamba ni alasiri nzuri. Mambo ya namna hiyo mtu huyajua yakishapita.

Mwezi wa tisa Ines alipata mteja wake wa kwanza wa harusi. Aliitwa Martha, mwalimu wa chekechea, binti wa karani wa bandarini. Martha alikuwa mweusi, mweusi wa kung'aa, na alikuja na hofu yake mdomoni.

"Kwenye sherehe ya kuniaga nyumbani walinipaka nikawa kama nimetumbukia kwenye unga wa sembe," alisema. "Uso wa mtu mwingine, shingo yangu. Picha zile nimezificha. Ines mdogo wangu, ukinifanya hivyo siku ya harusi, nitalia mbele ya mchungaji."

Shida ilikuwa faundesheni, yaani ile losheni nzito yenye rangi ya ngozi ambayo hupakwa kwanza kabla ya vingine vyote. Maduka mengi aliyopita Ines yalikuwa nayo ya watu weupe tu. Akampigia rafiki yake wa Dar es Salaam, naye akamtumia kwa basi chupa moja ndogo ya kioo iliyofungwa kwa magazeti. Martha aliporudi, Ines alimpaka kidogo kwenye taya, akampa kioo.

"Umepaka wapi?" Martha aliuliza.

"Hapo hapo unapotazama."

Rangi ilikuwa imepotelea kwenye ngozi, haionekani. Martha alimkumbatia.

Martha alipoondoka, Ines aliiweka chupa katika trei ya juu na kumwambia Telma, "Kitu hiki kimoja kimekula karibu akiba yangu yote. Martha akitoka vizuri, wenzake wa kwaya watakuja kwangu. Akitoka vibaya, narudi kufagia nywele za watu. Usikiguse."

"Sikigusi," alisema Telma.

Siku iliyofuata, Jumapili, mtani alikuja.

Huyu aliitwa Issa, fundi cherehani, mtu mnene mwenye sauti kubwa. Ukoo wake na ukoo wa Zeferino ni watani tangu mababu walipokuwa wakivuka mto Ruvuma kwenda na kurudi. Mtani anaweza kukutukana kwa kucheka, na huruhusiwi kununa. Anaweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, na huruhusiwi kulia. Unasubiri zamu yako, nawe unachukua cha kwake. Misibani watani ndio waliowachekesha wafiwa, na harusini ndio waliozuia mlango mpaka wapewe kitu. Siku hizi vijana wengi hawajui hata mtani wao ni nani, na wengine wakitaniwa wanakasirika. Lakini nyumba ya Zeferino bado walijua.

"Shikamoo mtani," Telma alisalimia.

"Marahaba, ingawa sura hiyo ungeificha kwanza," Issa alijibu, akakaa. "Zeferino, bado unatengeneza majokofu? Nimesikia ukilishika jokofu linapata homa."

"Na wewe nimesikia ulimshonea mtu suruali, akaivaa kama shati," alijibu Zeferino.

Issa alicheka, akaokota kipande kikubwa cha samaki kwenye sahani ya Zeferino, akala akimtazama machoni. Nyumba nzima ilicheka. Katika kicheko hicho Telma aliinuka polepole, akaingia chumbani, akafungua sanduku na kutoa chupa.

Alikuwa amemwahidi rafiki yake Gladness, anayekaa Likombe, kwamba atampamba awe kama bibi harusi, wapige picha kwa simu ya mama yake Gladness. Alijiambia atatumia tone moja. Alipofika, alimkalisha Gladness kwenye kigoda barazani.

"Funga macho."

"Haiwashi?"

"Dada yangu hanunui vinavyowasha. Tulia."

Gladness hakutulia. Alicheka, akasukuma mkono wa Telma, na chupa ikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Haikuruka wala kuyumba. Ilipasuka. Rangi ilitambaa kwenye vumbi, imejaa vipande vya kioo. Telma alijaribu kuikusanya kwa kijiko, akaona mchanga na kioo vinang'aa ndani yake. Uso wa mtu huwezi kuupaka hivyo.

"Mwambie dada yako," alisema Gladness.

"Ataniua."

"Hakuui. Atakugombeza tu, utalia, itakwisha."

"Wewe humjui."

Walitupa vioo kwenye shimo la takataka. Telma alirudi nyumbani kwa miguu, akiwaza maneno ya kusema, na kila neno alilolipata lilikuwa la kweli, ndiyo maana aliliacha.

Jumatatu alasiri Ines alifungua sanduku.

"Telma! Chupa iko wapi?"

Telma alikuwa anakunja mkeka. Jibu lilitoka kabla hajalipima.

"Mtani alichukua. Jana. Nilimwona anatoka nayo anacheka."

Ni uongo ambao usingefaa kitu katika nyumba nyingine. Pale ulifaa sana, kwa sababu mtani kuchukua kitu si wizi, na hakuna anayeshangaa. Ines alishika kiuno, kisha akacheka.

"Mzee huyu! Amejua kabisa panapouma. Twende."

Issa alishonea kwenye baraza la duka moja karibu na barabara. Siku hiyo alikuwa na wateja wawili wanaosubiri sare za watoto wao. Telma alijificha nyuma ya dada yake. Alikuwa na uhakika kwamba sasa hivi Issa atasema, "Chupa gani?" na yeye ataumbuka mbele ya watu.

"Mtani, nirudishie chupa yangu," alisema Ines.

Issa hakujua habari ya chupa yoyote. Lakini mtani akikudai kitu hujibu "sina". Hiyo ni kushindwa. Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Ile? Umechelewa. Nimempaka mbuzi wangu."

"Nini?"

"Mbuzi wangu. Amependeza mpaka anaposwa. Njoo kesho tugawane mahari."

Wateja walicheka. Ines naye alicheka, akanyoosha mkono, akachukua mkasi mkubwa wa Issa uliokuwa mezani.

"Ukileta chupa, utauona mkasi wako."

"Chukua! Kamkate baba yako masharubu, yananitisha."

Telma alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Uongo wake ulikuwa umepata shahidi, na shahidi mwenyewe ni yule yule aliyesingiziwa. Alidhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Kila mmoja alingoja mwenzake achoke na mchezo. Issa alipita nje na baiskeli akipiga kelele, "Mkasi wangu unakula vizuri humo ndani?" Ines akajibu kutoka dirishani, "Unasubiri mbuzi aoshwe uso!" Siku ya pili Issa alipopita hakucheka sana. Alikuwa ameazima mkasi mdogo, butu, unaotafuna kitambaa badala ya kukikata. Kitambaa cha mteja mmoja kiliharibika, na Issa akalazimika kununua kingine. Ines naye aliacha kucheka. Harusi ilikuwa inakaribia, na chupa haijarudi.

Alhamisi, Telma akiwa na begi la shule begani, dada yake alimkuta njiani na kumwambia, "Tupitie kwa mtani. Leo sichezi."

Walimkuta Issa anafumua mshono alioukosea. Watu walikuwa watatu barazani.

"Mtani, weka utani pembeni," Ines alisema. "Keshokutwa nina bibi harusi. Nipe chupa yangu."

Issa alimtazama. Maneno hayo, weka utani pembeni, yana uzito wake. Ukiambiwa hivyo, unajibu ukweli.

"Chupa gani, mwanangu?"

"Uliyoichukua Jumapili."

"Mimi sijachukua chupa."

"Mbona Jumatatu ulikubali?"

"Nilikubali nini? Kwamba nimempaka mbuzi? Nina mbuzi mimi? Ulikuja na utani, nikakujibu utani."

"Telma alikuona ukitoka nayo!"

Mwanamke mmoja aliyekuwa ameleta gauni alilivuta karibu yake kidogo. Issa aliona. Aligeuka polepole.

"Telma," alisema, na haikuwa ile sauti yake kubwa. "Uliniona?"

Hapo ndipo Telma angeweza kuimaliza. Aliwatazama wale watu, akamtazama dada yake. Akaitikia kwa kichwa.

Issa aliweka mshono chini. Kisha akasema, "Basi. Kwa hiyo mimi ni mwizi. Mwambie baba yako, kuanzia leo asiniite mtani. Aniite Issa."

Jioni hiyo Zeferino alipewa habari wakati chakula kimewekwa. Alikuwa amemega tonge la ugali. Alilirudisha sahanini.

"Alisema nimwite Issa?"

"Ndiyo, baba," Ines alijibu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini na yeye, baba, anajua kabisa kile ndicho chakula changu."

Zeferino hakuonekana kumsikia. "Nilipofiwa na mama yangu," alisema, "sikuweza kula. Issa alikuja akalala kwenye mkeka katikati ya waombolezaji, akasema yeye ndiye maiti na anataka chai yenye sukari nyingi. Nilicheka nikiwa nalia. Ndipo nikala." Alinyanyuka. "Kuleni ninyi."

Mama alimtazama mumewe akitoka, akafunika sahani yake. Telma alisikia nje baba yake akisogeza vyuma vya majokofu bila kazi yoyote, anavitoa hapa anaviweka pale.

"Mtani hakuchukua," alisema Telma.

"Unasema?"

"Hakuchukua. Mimi ndiye niliyeichukua. Nilikwenda nayo kwa Gladness, ikavunjika."

Ines alimkodolea macho. Mkono wake uliinuka, na Telma hakukwepa. Lakini mkono ulishuka wenyewe ukafunika mdomo.

"Na leo amekuuliza," alisema. "Amekuuliza mbele ya watu, Telma. Kwa jina lako."

"Ndiyo."

Kilio kilichofuata hakikumsaidia mtu. Mama ndiye aliyesimama. "Lia ukitembea," alimwambia Telma. "Ines, chukua mkasi wa watu. Mwiteni baba yenu. Issa hajafunga bado."

Walimkuta anakunja vitambaa. Wale watu hawakuwepo tena, lakini muuza duka alikuwepo, na jirani zake wawili. Telma alisimama mbele ya cherehani.

"Sikukuona na chupa," alisema. "Niliichukua mimi, nikaivunja. Nilikusingizia kwa sababu nilijua wewe ukichukua kitu watu wanacheka tu. Na leo nilidanganya tena. Naomba unisamehe."

Issa aliuchukua mkasi kutoka kwa Ines, akaufungua na kuufunga, akasikiliza mlio wake.

"Na mimi nimekosa," alisema Ines. "Ningekuuliza tangu mwanzo bila utani. Nimekuita mwizi."

"Umeniita," alisema Issa. Kisha akamgeukia Zeferino, ambaye alikuwa amesimama mbali na mikono nyuma. "Na wewe mbona umesimama huko kama jokofu bovu?"

Zeferino alifunika uso kwa kiganja. Mabega yake yalitikisika, na ilichukua muda kujua kwamba anacheka. Watu wazima wawili walishikana mikono, wakashikana kwa muda mrefu. Telma alijaribu kucheka pamoja nao. Issa alimkata kwa macho.

"Wewe bado," alisema. "Kesho asubuhi anza na yule bibi harusi. Yeye ndiye aliyeibiwa kuliko mimi. Mimi na wewe tutaongea."

Kesho yake Telma aliomba ruhusa shuleni, akaenda na Ines nyumbani kwa Martha. Alisema mwenyewe, kwa mdomo wake. Mama yake Martha alishika kichwa. Martha alisema neno moja lililomchoma Telma kuliko kugombezwa.

"Wiki nzima nimelala vizuri kwa sababu ya ile chupa."

Basi la Dar lisingeweza kuleta nyingine kwa wakati. Ines angeweza kuondoka. Badala yake aliomba maji ya uvuguvugu, akamwosha Martha uso, akamkalisha dirishani kwenye mwanga. Alimtazama kwa muda mrefu bila kugusa sanduku.

"Dada Martha, nilikuwa naiwaza chupa, sikuutazama uso," alisema. "Ngozi yako haina tatizo. Kuna makovu haya mawili ya chunusi kidevuni, basi. Kwa nini niifunike yote? Nipe ruhusa nijaribu leo. Usipopenda, tafuta mtu mwingine, na kile ulichotanguliza nakurudishia."

Martha alikubali kwa shingo upande. Ines alimpaka mafuta ya mgando, kidogo kabisa, akayafuta kwa kitambaa mpaka ikabaki ngozi yenyewe inang'aa. Juu ya kifuniko cha bati alichanganya unga wa kahawia wa kupaka kope na mafuta kidogo, akaongeza tone la rangi nyekundu ya mdomo, akapima kwenye taya, akaongeza kahawia tena, akapima tena. Mchanganyiko ulipofanana na ngozi, aliuweka kwenye yale makovu mawili tu, akiupigapiga kwa ncha ya brashi ya kuchorea picha. Kisha akahamia machoni na midomoni, na huko hakufanya haraka. Telma alishika kioo.

Martha alijitazama. Akageuka kulia, akageuka kushoto.

"Mama, njoo," aliita. "Njoo uone. Ni mimi."

Jumamosi alipoingia kanisani, uso na shingo vilikuwa vya mtu mmoja. Hakulia mbele ya mchungaji. Aliyelia ni mama yake, lakini mama wa aina hiyo hulia kwenye kila harusi. Baada ya ibada msichana mmoja wa kwaya alimfuata Ines nje na kumwomba namba ya simu.

Jumapili iliyofuata Telma alikwenda kwa Issa bila kuitwa. Baraza lilikuwa tupu. Issa alikuwa nyuma ya cherehani na rundo la mashati ya shule.

"Shikamoo."

"Marahaba," alijibu Issa, hivyo tu, bila kuongeza neno. Telma hakujua kwamba salamu fupi inaweza kuuma vile. "Kaa. Unajua kushona vifungo?"

"Kidogo."

"Jifunze."

Alishona vifungo Jumapili hiyo, na alasiri nyingi za mwezi wa kumi na wa kumi na moja, baada ya kuosha brashi za dada yake. Alijichoma sindano, akafumua, akashona tena. Redio ya muuza duka ilipiga muziki, upepo ukaleta harufu ya korosho zinazokaangwa, na Issa akazungumza naye kama watu wazima wanavyozungumza na watoto wa jirani wasiowajua sana. Hakumtania hata mara moja. Wengine wote waliopita aliwatania.

Siku moja Telma alishindwa kuvumilia.

"Bado umenikasirikia?"

Issa alisimamisha cherehani.

"Kukasirika kulikwisha siku ile ile. Sikiliza, nikwambie bila kuzunguka. Mimi nikichukua samaki kwenye sahani ya baba yako, anacheka kwa nini? Kwa sababu anajua kwamba siku ya shida nitakuja. Nikimwambia jokofu lake lina homa, anacheka kwa sababu anajua namheshimu. Utani wote umekaa juu ya hilo, kwamba tunaaminiana. Wewe ukachukua uongo ukauficha humo ndani, ukaona hapataonekana. Kuvunja chupa ni ajali, kila mtu huvunja. Ungesema siku ile ile, dada yako angelia, angepata wiki nzima ya kutafuta njia. Ukanyamaza, ukamnyima hiyo wiki, ukaninyima mimi jina langu, ukataka kumnyima baba yako mtani. Vyote hivyo kwa sababu uliogopa kugombezwa jioni moja. Kosa liseme likiwa dogo, Telma. Ukilificha halibaki dogo."

"Ndiyo," alisema Telma. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya shati.

"Haya. Leta nione kazi."

Alimpa shati. Issa aliliinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu. Kisha akavuta pumzi na sauti yake kubwa ikajaza baraza zima mpaka muuza duka akachungulia.

"Haya ni nini? Hivi ni vifungo au upele? Mtoto akivaa shati hili watampeleka zahanati! Mikono hii umeiazima kwa nani, mtani?"

Telma alicheka mpaka sindano ikamdondoka.

"Nimeiazima kwako," alisema, "ndiyo maana imeharibika."

Issa alipiga meza kwa kofi, akacheka hata machozi yakamtoka, akamtupia shati jingine.